Kampuni Ndogo za Mabasi Uingereza Zimekwenda Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila inaposikika kwamba kampuni nyingine ya mabasi ya kifamilia imeuzwa au imefunga mageti. Karibu yote yanahusu Uingereza, nchi iliyoivunja kampuni yake ya taifa ya mabasi vipande sabini na kitu, kisha ndani ya miaka kumi hivi vipande vingi vikaishia mikononi mwa watu wachache. Mwishoni yapo mawili ya Ujerumani na Marekani. Mwenye haraka asome swali la 5 na la 8. Mengine mengi yanazaliwa humo.

## Mambo ya msingi

1. Kampuni huru ya mabasi ni ipi hasa?

Ni kampuni ambayo si tanzu ya kundi kubwa, wala haimilikiwi na serikali au halmashauri. Nyingi ni za familia, za mabasi matano, kumi, labda thelathini. Mwenye kampuni ndiye anayepeleka watoto shule asubuhi, mchana anapanga zamu za madereva, jioni ameshika mpira wa maji anaosha magari, na usiku yuko mezani na vitabu vya hesabu.

Lakini ukubwa peke yake si kigezo. Lancashire United Transport ilikuwa na mamia ya mabasi na bado ilihesabiwa huru, hadi mamlaka ya usafiri ya Manchester ilipoinunua mwaka 1976. Barton Transport ya Nottinghamshire, iliyoanza 1908, nayo haikuwa duka la mfukoni. Iliuzwa kwa jirani yake Trent mwaka 1989. Cha kuuliza ni nani anayeamua. Je, ruti ikianza kuleta hasara, uamuzi unafanywa na mtu anayeijua ruti hiyo au na mtu anayeiona kama mstari kwenye jedwali?

2. Hao wakubwa ni akina nani?

Watano: Stagecoach, First, Arriva, Go-Ahead na National Express. Tume ya Ushindani ya Uingereza ilipochunguza soko la mabasi ya ndani na kutoa ripoti mwaka 2011, ilikuta watano hao wanaendesha takriban asilimia 70 ya huduma.

Tangu hapo na wao wamepata wakubwa wao. Arriva ilinunuliwa na shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, mwaka 2010, na mwaka 2024 ikapita kwa I Squared Capital ya Marekani. Mwaka 2022 Stagecoach ilichukuliwa na mfuko wa uwekezaji unaosimamiwa na DWS ya Ujerumani, na Go-Ahead ikaenda kwa Kinetic ya Australia pamoja na Globalvia ya Hispania. Kundi la National Express lilibadili jina likawa Mobico mwaka 2023. Kwa hiyo anayesema mmezaji naye kamezwa hakosei.

3. Je, kumezana huku ni jambo jipya?

La. Mwezi Agosti 1922 basi la Chocolate Express, mali ya mtu binafsi, liliingia mitaani London kushindana na kampuni kubwa ya jiji, na nyuma yake likaja kundi zima la mabasi ya wamiliki wadogo. Watu waliyaita mabasi ya maharamia, jina lililotokana na hofu ya wakubwa kuliko tabia ya wadogo. Sheria ya mwaka 1924 ikaanza kuyabana, na mwaka 1933 ilipoundwa bodi moja ya usafiri wa abiria London, yaliyobaki ndani ya eneo lake yakanunuliwa kwa lazima.

Nje ya London sheria ya 1930 ilileta makamishna wa usafiri na leseni za kila ruti. Aliyekuwa barabarani tayari alilindwa. Aliyetaka kuingia alibishana mbele ya kamishna na wakubwa wakimpinga. Njia rahisi ya kupanuka ikawa kumnunua mwenye leseni. Baada ya vita serikali nayo ikanunua: mabasi ya kundi binafsi la Tilling mwaka 1948, kisha ya kundi jingine binafsi, BET (British Electric Traction), miaka ishirini baadaye. Tarehe 1 Januari 1969 ikaanza kazi kampuni ya taifa, National Bus Company.

4. Mwaka 1986 kulitokea nini?

Tarehe 26 Oktoba 1986 Sheria ya Usafiri ya 1985 ilianza kufanya kazi kwa ukamilifu. Leseni za ruti zikafutwa. Mwenye leseni ya kuendesha mabasi alichohitaji ni kusajili ratiba yake siku 42 kabla, basi. Nauli apange mwenyewe. Ruti ambazo hakuna aliyezitaka kibiashara, halmashauri ingezitangazia zabuni na kulipa ruzuku. London na Ireland ya Kaskazini ziliachwa nje ya mpango huo.

Sambamba na hilo kampuni ya taifa ilikatwakatwa na kuuzwa kati ya 1986 na 1988. Vipande vingi vilinunuliwa na mameneja wake wenyewe.

## Jinsi kampuni inavyomezwa

5. Soko lilifunguliwa kwa ajili ya wadogo. Mbona lilizaa wakubwa?

Kwa sababu kilichofunguliwa ni barabara tu. Yadi, stendi na tiketi vilibaki na wenyewe, na katika biashara ya mabasi vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua nani atakuwepo mwaka wa tano.

Sharti lenyewe la mauzo lilikuwa na tundu. Mnunuzi mmoja hakuruhusiwa kuchukua zaidi ya vipande vitatu vya kampuni ya taifa, wala vipande vinavyopakana. Ila sharti hilo lilihusu mauzo ya kwanza. Meneja aliyenunua kampuni yake kwa mkopo hakuzuiwa kuiuza kesho yake kwa yeyote, na benki ikidai, kesho huwa karibu. Devon General ndiyo kampuni ya kwanza ya mabasi ya ndani kuuzwa, Agosti 1986, kwa mameneja wake. Ilisifiwa kwa kujaza mitaa mabasi madogo yanayofuatana kwa dakika chache. Miaka kumi baadaye ilikuwa mali ya Stagecoach.

Na hao Stagecoach walitoka wapi? Walianza mwaka 1980 huko Perth, Uskoti: kaka na dada, Brian Souter, mhasibu aliyewahi kufanya kazi ya ukondakta, na Ann Gloag, muuguzi. Sheria ya mwaka huo ilikuwa imelegeza masharti ya mabasi ya masafa marefu, nao wakaanza kupeleka abiria kati ya Dundee na London. Hawa walikuwa wadogo kwelikweli, aina ile ile ya watu ambao sheria ilidai kuwafungulia mlango. Mwaka 1987 walinunua Hampshire Bus, na ardhi ya kituo cha mabasi cha Southampton ilipouzwa, fedha zake zilizidi bei waliyolipia kampuni nzima. Soma sentensi hiyo mara mbili, maana humo ndimo historia yote ya kipindi kile ilimo. Serikali ilikuwa inauza mabasi. Wanunuzi werevu waliona viwanja. Mwaka 1993 wakaingia soko la hisa la London, na baada ya hapo mtaji wa kununua wengine haukuwa tatizo tena.

Wengine walifuata njia hiyo hiyo. First ilizaliwa mwaka 1995, Badgerline ya upande wa Bristol ilipoungana na GRT, iliyokuwa idara ya mabasi ya Aberdeen. Go-Ahead ni mameneja wa kaskazini mashariki walionunua kampuni yao 1987.

6. "Vita vya mabasi" vilipiganwaje?

Kwa saa ya mkononi. Chukua mfano: mdogo amesajili basi la saa 2:00 asubuhi kutoka mtaani kwenda mjini. Mkubwa anasajili lake la saa 1:58. Ruti ile ile, vituo vile vile. Abiria waliosimama kituoni hawaangalii jina ubavuni. Wanapanda linalofika kwanza. Basi la mdogo linakuja dakika mbili nyuma, linaokota aliyechelewa kufunga mlango wa nyumba, na linafika mjini likiwa na watu watatu. Dereva anahesabu sarafu na bosi anahesabu dizeli.

Mdogo naye anaweza kusogeza lake hadi 1:56, lakini ratiba mpya inasubiri siku 42. Katika siku hizo mkubwa anaendelea kupoteza fedha kwenye ruti hiyo moja, huku ruti nyingine mia zikimlisha. Mdogo ana hiyo moja. Mara nyingi vita viliisha kwa simu: mkubwa anauliza bei.

7. Kisa cha Darlington ni kipi? Kila mtu anakitaja.

Mwaka 1994 halmashauri ya Darlington ilikuwa inauza kampuni yake ya mabasi, Darlington Transport Company. Stagecoach iliomba, haikuchaguliwa. Kampuni yake tanzu, Busways, ikasajili ruti mjini humo, ikawavuta madereva wa kampuni ya halmashauri kwa malipo ya kuanzia kazi, na ikaanza kubeba abiria bure. (Bure kabisa, si nauli ya punguzo.) Mnunuzi aliyekuwa amechaguliwa akajiondoa, na Novemba mwaka huo kampuni ya halmashauri ikaanguka.

Tume ya Ukiritimba na Miungano ilichunguza na mwaka 1995 ikaeleza mwenendo huo kuwa wa kinyang'anyi, wa kulaumiwa sana na ulio kinyume na maslahi ya umma. Maneno makali, lakini yalikuta maiti imeshazikwa. Soma pia swali la 14.

Hata hivyo tusikifanye kisa hiki kuwa kioo cha kila mahali. Kampuni nyingi hazikupigwa namna hiyo. Ziliuzwa kwa mapatano, kwa bei nzuri, na mwenyewe akasaini huku anatabasamu.

8. Kwa nini mwenye kampuni auze wakati biashara inakwenda vizuri?

Umri ndio sababu isiyosemwa sana. Mtu aliyeanza na basi moja akiwa na miaka ishirini na tano sasa ana sabini. Watoto walikulia kwenye harufu ya dizeli na ndiyo maana wamesomea mambo mengine. Leseni ya kampuni inadai meneja wa usafiri mwenye cheti, na cheti hicho ni cha mzee mwenyewe. Akilala hospitali wiki mbili, kampuni inatikisika.

Ya pili ni yadi. Babu alinunua kiwanja pembeni ya mji kikiwa kichaka. Mji ukakua ukakizunguka, na leo kiwanja cha kulaza mabasi ishirini kina thamani kubwa zaidi kikijengwa nyumba kuliko faida ya mabasi hayo kwa miaka mingi. Kama yadi ni ya kupanga, hali ni mbaya zaidi: mwenye kiwanja akikataa kuongeza mkataba, mabasi yanalala wapi? Leseni inataja mahali pa kuyalaza, na majirani wapya hawapendi injini zinazowashwa saa kumi na moja alfajiri.

Ya tatu ni magari yenyewe. Kila baada ya miaka kadhaa inafika siku ambayo nusu ya mabasi yamechoka kwa pamoja. Mzee anakaa na kalamu: akope ili aendelee miaka kumi na tano, au auze sasa jina likiwa bado zuri? Mkubwa anajua siku hiyo inakaribia. Ameona namba za usajili zinavyozeeka.

OK Motor Services ya Bishop Auckland, iliyoanza 1912, iliuzwa kwa Go-Ahead mwaka 1995. Pulhams ya Cotswolds ilifuata 2022, kwa mnunuzi yule yule. Hakuna iliyofilisika kati ya hizo mbili.

9. Kanuni za serikali zimechangia kiasi gani?

Zimechangia, ingawa zenyewe ni nzuri. Kanuni za mwaka 2000 za kuwawezesha watu wenye ulemavu kupanda mabasi zilitoa muda mrefu: mabasi ya kawaida hadi mwanzoni mwa 2016, ya ghorofa hadi 2017. Mdogo alikuwa akiishi kwa kununua mabasi yaliyotumika miaka kumi na mitano kwa mkubwa. Kanuni ilipofika mwisho, mabasi yenye ngazi mlangoni yakawa vyuma chakavu kwa siku moja. Sioni ni nani angetetea ngazi zile mbele ya mtu wa kiti cha magurudumu, lakini hesabu ilimwangukia zaidi aliyekuwa na mtaji mdogo.

Ipo pia safari ya bure ya wazee. Tangu Aprili 2008 mzee mwenye kitambulisho husafiri bure katika basi lolote la ndani, England nzima, nje ya saa za msongamano wa asubuhi, na halmashauri humlipa mwenye basi. Fidia hupigwa kwa kanuni inayolenga asipate faida wala hasara. Ruti za vijijini wakati wa mchana hubeba karibu wazee watupu, kwa hiyo mapato ya mdogo yanategemea fomula iliyokokotolewa na mtu mwingine.

Sasa limekuja basi la umeme: bei yake ni takriban mara mbili ya la dizeli, na yadi inahitaji nyaya mpya kutoka kampuni ya umeme. Rudi swali la 8, aya ya yadi ya kupanga, uone ugumu wake.

10. Stendi na tiketi zina uzito gani?

Mwulize aliyekuwa British Coachways. Oktoba 1980, masafa marefu yalipofunguliwa, kampuni huru kadhaa zenye majina makubwa, zikiwemo Wallace Arnold na Grey-Green, ziliungana chini ya jina hilo kushindana na National Express. Nauli zilikuwa chini na mabasi yalikuwa safi. Lakini stendi kuu ya London, Victoria, ilikuwa mikononi mwa mshindani wao. Abiria aliyetoka kaskazini alishushwa kwingine, na aliyetaka kuunganisha safari akaburuta mizigo. National Express ikashusha nauli zake, ikangoja. Muungano ulimalizika ndani ya miaka michache.

Tiketi hufanya kazi hiyo hiyo kimya kimya. Mkubwa anauza tiketi ya wiki inayokubalika kwenye ruti zake zote mjini. Anayeinunua Jumatatu hawezi kupanda basi la mdogo Jumatano bila kulipa mara ya pili, hata likija tupu mbele yake na mvua inanyesha.

## Abiria na wafanyakazi

11. Abiria anapata au anapoteza?

Vyote viwili, na anayekuambia kimoja tu anauza kitu. Kundi kubwa huja na mabasi mapya, malipo kwa simu, ramani inayoonyesha basi liko wapi, tiketi moja ya mji mzima. Haya si madogo.

Kinachopotea ni kigumu kukipimia bei. Dereva wa kampuni ndogo anamjua mama anayepanda Alhamisi na kikapu, anamngoja nusu dakika akimwona anakuja uchochoroni. Basi la mwisho la saa nne usiku linaendelea kwa sababu mwenye kampuni anajua wahudumu wa hospitali hulitegemea. Katika jedwali la makao makuu basi hilo ni abiria saba, na saba ni wachache.

12. Madereva hufanywaje kampuni inapouzwa?

Uingereza ina kanuni za mwaka 1981, zilizoandikwa upya 2006, zinazohamisha mikataba ya wafanyakazi pamoja na biashara. Mshahara na miaka ya utumishi huhama navyo. Yadi kufungwa na zamu kuanzia mji mwingine ni jambo lingine, na hapo ndipo wengi huacha kazi.

Wapo waliojaribu kuwa mabosi wenyewe. Wafanyakazi wa Provincial, upande wa Portsmouth, walinunua kampuni yao mwaka 1987 na kuiita People's Provincial. Wa Chesterfield nao walifanya hivyo. Mwaka 1995 zote mbili ziliuzwa, ya kwanza kwa FirstBus, ya pili kwa Stagecoach. Huwezi kumlaumu fundi aliyekuwa na hisa na kuona bei yake.

13. Basi lina jina na rangi zile zile za zamani. Je, bado ni kampuni huru?

Si lazima. Siku hizi mnunuzi mwerevu hapaki rangi. Jina la familia lina thamani, na abiria wa kijijini wanalipenda, kwa hiyo linaachwa ubavuni. Namna ya kujua ukweli ipo kwenye swali la 20.

## Serikali na mikataba

14. Mamlaka za ushindani zilikuwa wapi?

Zilikuwepo, zilichunguza, ziliandika. Shida ni kasi. Vita vya ruti moja humalizika kwa miezi mitatu, uchunguzi huchukua mwaka. Tena ununuzi wa kampuni ya mabasi kumi na mawili ni mdogo mno kumshtua mtu. Kundi limekua kwa ununuzi mdogo mdogo hamsini, na kila mmoja ukitazamwa peke yake hauna tatizo. Ripoti ya 2011 ilikuta kampuni zinazoshindana uso kwa uso barabara moja ni chache, lakini hadi hapo ramani ilikuwa imeshagawanywa.

15. Mfumo wa mkataba, kama wa Manchester, utawaokoa wadogo?

Nina mashaka. Katika mfumo huo mamlaka ya jiji hupanga ruti, nauli na rangi, kisha kampuni huomba zabuni ya kuendesha. Manchester ilianza tarehe 24 Septemba 2023 upande wa Bolton na Wigan, na kufikia Januari 2025 jiji lote likawa chini ya Bee Network, mabasi ya njano. Yadi kubwa zilichukuliwa na mamlaka yenyewe, na hilo ni jambo zuri: mwombaji hahitaji tena kumiliki kiwanja. Vita vya dakika mbili navyo vimekufa.

Ila zabuni ina mlango wake mwembamba. Inadai dhamana, wanasheria, kurasa mamia za maelezo. Mzee wa swali la 1 hana idara ya kuandika zabuni.

London ilishapita njia hiyo. Zabuni zilipoanza mwaka 1985, ruti ya 81 ilikwenda kwa London Buslines, kampuni binafsi, na mwaka 1988 Grey-Green ikapata ruti ya 24 inayopita katikati ya jiji, na watu wakapiga picha mabasi yasiyo mekundu mbele ya Bunge. Ilionekana wadogo wamefika. Leo majina hayo mawili hayapo barabarani. Yaliishia ndani ya makundi yaliyotajwa kwenye swali la 2.

16. Halmashauri zinazomiliki mabasi zinahesabiwa wapi?

Peke yake. Lothian ya Edinburgh, Nottingham, Reading, Blackpool na Cardiff hazimo mikononi mwa makundi, na kadhaa kati yake husifiwa kuwa bora nchini. Sheria ya 2017 ilikataza halmashauri za England kuanzisha kampuni mpya za aina hiyo. Sheria ya 2025 imeondoa katazo.

17. Kampuni ikifilisika, nani huchukua ruti zake?

Inategemea. Ruti ya ruzuku, halmashauri hutafuta mwendeshaji wa dharura. Ruti ya kibiashara haina mwenyewe kisheria. Anayeitaka huichukua, asipopatikana inakufa. GHA Coaches ya kaskazini mashariki mwa Wales ilipoanguka Julai 2016, halmashauri zilikimbizana kujaza ruti moja moja. Yellow Buses ya Bournemouth iliposimama Agosti 2022, jirani wa kundi la Go-Ahead alikuwa tayari na mabasi. Aliyekuwa na magari ya akiba ndiye aliyepata mji.

## Nje ya Uingereza, na maswali ya pembeni

18. Kampuni ndogo inayoendesha chini ya FlixBus ni huru?

Swali gumu kuliko yote hapa. Ujerumani ilifungua masafa marefu Januari 2013. FlixBus ya Munich, inayouza tiketi za mabasi hayo mtandaoni, iliungana na mshindani wake MeinFernbus mwaka 2015, ikanunua biashara ya Megabus, mabasi ya masafa marefu ya Stagecoach, barani Ulaya mwaka uliofuata, na kufikia hapo karibu soko lote la Ujerumani lilikuwa lake. Lakini mabasi mengi ya kijani si yake. Ni ya kampuni ndogo za kifamilia zinazoajiri madereva na kulipia magari, huku FlixBus ikishika ratiba, bei na tovuti ya tiketi, kisha mapato yanagawanywa.

Kwenye karatasi mdogo bado yupo. Ila abiria hamjui, bei hapangi, na deni la basi ni lake. Kwangu mimi, aliyeshika tiketi ndiye mwenye kampuni. Wapo wamiliki watakaokujibu kwamba bila kijani kile wangekuwa wamefunga zamani, na huenda wanasema kweli.

19. Marekani ilikuwaje?

Greyhound ilianza 1914 huko Hibbing, Minnesota, ikisafirisha wachimba migodi. Mwaka 1936 kampuni huru ziliungana kwa jina la Trailways ili zisimezwe. Mwaka 1987 Greyhound ikanunua kampuni kubwa ya Trailways. Yenyewe ikaangukia kwa First ya Uingereza mwaka 2007, na mwaka 2021 ikauzwa kwa FlixBus, wale wale wa swali la 18.

20. Nitajuaje basi nililopanda ni la nani, na je, wapo huru waliobaki?

Wapo. Delaine ya Bourne, Lincolnshire, ina historia inayofika 1890, na bado ni ya familia, mabasi yake ya bluu yakienda Peterborough na kurudi. Yadi ni yao, ruti kuu ni moja inayowalisha, na haijawahi kukosa mtoto anayetaka kazi. Ukilinganisha na swali la 8 utaona kila sababu ya kuuza imegeuzwa upande wa pili.

Kuhusu basi lako: usitazame jina kubwa. Simama upande wa mlango, tazama chini ubavuni. Kuna mstari wa herufi ndogo zenye jina la kampuni inayoliendesha kisheria na anwani yake. Liandike jina hilo, ulitafute kwenye daftari la kampuni la serikali, Companies House, ambalo ni bure mtandaoni, ufungue sehemu ya wenye mamlaka makubwa. Ukikuta jina la mtu, umepanda basi la mtu. Ukikuta kampuni, ibonyeze hiyo nayo, na inayofuata, hadi uone ngazi inaishia mji gani.